Ni Nani Awezaye Kusamehe Deni la Mtoto?

Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna mpunga hapa Idodi, alitujia mama mmoja mwenye karatasi ya mahakama mkononi. Hakimu alikuwa amemwamuru baba wa mtoto wake atoe fedha za matunzo kila mwezi, na miezi saba ilikuwa imepita bila senti. Akatuuliza, "Baba Mchungaji, nikirudi mahakamani, huenda akafungwa. Je, si dhambi kumfungisha baba wa mwanangu?" Nasi, kwa kupenda amani, tukamshauri amsamehe. Akatii, akaenda zake. Tangu siku ile shauri letu limetusumbua, maana tumetambua kwamba tulimwomba asamehe kitu kisichokuwa chake.

Deni hili si kama deni la mbuzi. Aliyekopesha mbuzi aweza kusema, "Basi, yaishe," kwa kuwa mbuzi alikuwa wake. Lakini fedha za matunzo mama huzipokea tu. Mwenyewe ni mtoto, naye hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamwekea mwanamume wajibu wa kuwapa watoto wake makao, mavazi, chakula na elimu, wawe mikononi mwake au mwa mtu mwingine. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwachi nje mtoto aliyezaliwa pasipo ndoa. Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1949, ambayo ilifikia kumzuia hakimu asiagize zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Na kiasi hicho kikabaki kitabuni hata shilingi 100 ilipokuwa hainunui kibaba cha mchele. Ile ya 2009 ndiyo iliyoifuta.

Basi, asiyelipa hupatwa na nini? Mahakama yaweza kuagiza mshahara wake ukatwe kabla haujamfikia, au mali yake ikamatwe. Tena mzazi avunjaye wajibu aliowekewa na Sheria ya Mtoto aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa mwalimu, au kwa askari wa Hifadhi ya Ruaha, jambo ni jepesi: ana mshahara, nao hukatwa. Lakini wengi wetu katika tarafa hii twaishi kwa mpunga, mahindi na mifugo. Fedha huja baada ya mavuno, na amri yasema kila mwezi. Hapo ndipo penye mashaka. Mfungwa hapalilii shamba lake, wala mtoto hashibi kwa kifungo cha baba yake.

Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba gereza halina maana kabisa katika jambo hili. Sisi hatukubali, maana wanamchanganya asiyeweza na asiyetaka. Kabla ya kutoa amri hakimu hupaswa kutazama mapato na mali ya wazazi, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto akaapo. Na hali ikibadilika, amri nayo yaweza kubadilishwa. Mtu ambaye mpunga wake umekauka na arudi mahakamani aseme hivyo, kabla miezi haijalimbikizana, hakuna aibu. Lakini anyamazaye miezi saba, kisha akaonekana barabarani juu ya pikipiki mpya, huyo hakushindwa, alichagua. Kwake hofu ya gereza ina kazi.

Wengine hujitetea wakisema, "Mama yake amenizuia kumwona mtoto, basi silipi." Kumwona mtoto ni haki ya kuombwa mahakamani, tena twashauri iombwe, walakini tumbo la mtoto haliwezi kungoja ugomvi huo uishe. Ibrahimu alipomwondosha Hajiri pamoja na mtoto alimpa mkate na kiriba cha maji, na maji yale yakawaishia jangwani. Twadhani wako akina baba wengi wanaohesabu kwamba wamemaliza kwa kiriba kile kimoja.

Mama yule tulimwita tena, tukamwambia mbele ya mzee mmoja wa kanisa kwamba tulikosea. Haikuwa rahisi kwetu kusema neno hilo. Tukamsindikiza kwa afisa wa ustawi wa jamii, na kutoka huko akarudi mahakamani. Baba wa mtoto alikuja akiwa na mdogo wake, mwenye hasira mwanzoni, kisha akaeleza habari za shamba lake, akaomba alipe kwa mafungu mawili makubwa kwa mwaka, la kwanza likiwa baada ya mavuno. Hakimu akakubali. Fungu la kwanza limekwisha kufika, na mtoto amenunuliwa sare za shule. Fedha za ile miezi saba bado hazijalipwa, wala hakuna aliyemwambia mama azisamehe.