Kinyonga wa Illasit na Haki ya Kiumbe



Ndugu yetu mmoja alikwenda Illasit, mji wa mpakani katika Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro, kununua vitunguu. Huko vijana wakamuuzia vinyonga wawili, akarejea nao Mombasa ili wanawe wazistaajabie rangi zao. Akawatia pamoja katika tundu la ndege, akawawekea bakuli la maji na wali kidogo. Alipotuuliza darasani kama jambo hilo lafaa, mimi nilicheka, nikasema: “Ni mdudu tu.” Siku chache baadaye akaja kutwambia kuwa mmoja amekufa. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa kicheko kile, na jawabu iliyonipasa siku ile naitoa leo.

Asili ya kufuga si haramu. Mtume (S.A.W.) alimjua mtoto Abu Umair na ndege wake mdogo wa kuchezea, wala hakumkataza. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Basi amfungaye kiumbe amejitwika riziki yake. Na riziki hiyo ni ile aijuayo kiumbe, si ile tuijuayo sisi.

Sasa mtazameni kinyonga. Chakula chake ni wadudu walio hai, awanasao kwa ulimi. Wali kwake ni kama changarawe. Hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani. Maji yaliyotulia bakulini aghalabu hayatambui, naye aweza kufa kwa kiu hali maji yako mbele yake. Hukaa peke yake. Amwonapo mwenziwe karibu huingiwa na hofu au ghadhabu. Na rangi zile tuzistaajabiazo, mara nyingi ndizo kilio chake. Sisi twaona pambo, kumbe mwenyewe yu taabuni.

Tena, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yataka kibali kwa kila afugaye mnyama wa mwituni, nasi tumeamrishwa kutimiza ahadi tunazoishi chini yake.

Labda mtu atasema: “Nitamnunua nimwache huru.” Nia ni njema, lakini shilingi yako yamtuma kijana akamate mwingine. Wala haifai kumwachia popote: kinyonga wa pembe tatu wa Kenya alipelekwa Hawaii mwaka 1972, akaenea, akawa mlaji wa wadudu na konokono wa asili ya huko. Huyu aliyebaki, tumemshauri ndugu yetu amnyunyizie maji majanini, ampe panzi, kisha amkabidhi kwa Shirika la Wanyamapori.

Na wale wampigao mawe kwa kumdhania nuksi, wao pia wamedhulumu. Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa watambaao na warukao ni umma kama sisi. Tusidharau kiumbe asiyeweza kutushitaki hapa duniani. Hakimu wake yuko.

Wallahu aalam.