Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Mtu aketiye ufuoni akalitazama jahazi lililotweka tanga likipita mbele yake, jepesi kana kwamba maji yaliumbwa kwa ajili ya kulibeba, ni rahisi adhani kuwa kuelea ni tabia ya jahazi kama kuruka kulivyo tabia ya ndege. Wahenga wa pwani hawakuwa na dhana hiyo, kwa kuwa walikwisha kuona mkuku ukilazwa mchangani, mataruma yakisimamishwa moja baada ya moja, mbao zikigongomewa misumari, na mafundi wakichuchumaa siku nyingi chini ya tumbo la chombo, wakishindilia kalafati katika kila upenyo, mahali ambapo jicho la abiria halitafika kamwe. Ndipo waliponena: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Zahiri ya methali hii ni kumpa fundi heshima yake. Batini yake ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kila utulivu tuuonao duniani umetanguliwa na kazi tusiyoiona. Binadamu aijua batini ya nafsi yake, ilhali kwa wenziwe huona zahiri tu. Basi huitwaa fadhaa iliyomo moyoni mwake, akaipima na utulivu uliopo usoni mwa mwingine, na kwa mizani hiyo isiyo ya insafu akajihukumu kuwa yeye peke yake ndiye aliyepungukiwa.

Hukumu hiyo yaonekana waziwazi mlangoni pa chumba cha mtihani wa vitendo wa wauguzi wasaidizi huko Marekani, mtihani ambao si wachache katika ndugu zetu waliohamia kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi wameupitia ili wapate kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1987 iliagiza kwamba wauguzi wasaidizi katika nyumba za matunzo zinazolipwa kwa fedha za serikali wafunzwe kwa saa zisizopungua 75 na kupimwa umahiri wao. Katika majimbo mengi mtahiniwa hutakiwa kutenda kazi 5 hivi ambazo hakuzichagua mwenyewe, na kunawa mikono hakukosi kuwamo. Kazi zenyewe ni za unyenyekevu: kumgeuza mgonjwa kwa ubavu, kumvika nguo kwa kuanza na mkono ulio dhaifu, kumlisha, kuhesabu mapigo ya mshipa wa mkono kwa dakika nzima na kupata hesabu isiyoachana na ya mtahini kwa zaidi ya mapigo 4. Aliyepata kumuuguza bibi yake nyumbani si mgeni wa mengi katika hayo. Lakini mbele ya mtu aliyeshika karatasi, asiyetabasamu wala kunena, mikono hutetemeka, koo hukauka, na Kiingereza alichokisema jana dukani bila ya taabu humtoroka. Kwetu kimya cha mkubwa chaweza kuwa dalili ya ghadhabu. Pale ni kanuni tu, kwa sababu mtahini hana ruhusa ya kumwelekeza anayepimwa.

Mwenye kuifahamu methali yetu hatamwambia mtahiniwa huyo asiogope, maana hofu haitii amri. Atamwuliza: umeunda nini? Utulivu haupatikani kwa kuutafuta asubuhi ya mtihani. Huundwa kabla, ubao kwa ubao. Mtu aliyebisha hodi, akajitambulisha, akaeleza analotaka kutenda, akavuta pazia kwa ajili ya staha ya mgonjwa, akafunga magurudumu ya kiti, akateremsha kitanda, akaiacha kengele mahali mkono wa mgonjwa unapoifikia, na akayarudia hayo yote nyumbani kwa sauti, ndugu yake akijilaza kwa niaba ya mgonjwa, siku baada ya siku mpaka mkono ukawa wajua kabla ya moyo kuulizwa, huyo ameshindilia kalafati. Ama anayesoma orodha ya hatua kwa macho tu, yeye ahesabu mbao zilizolala mchangani. Hesabu yaweza kuwa kamili na chombo kisiwepo.

Kisha yaja siku ya kushua. Hata chombo kizima hulia mbao zake kinapoingia majini, wala mlio huo si wa kupasuka. Vivyo hivyo kutetemeka kwa mtahiniwa si ushahidi wa ujinga wake, bali ni uzito wa jambo analolithamini. Na kule kunawa mikono, ambako hutakiwa kusugua kwa sekunde zisizopungua 20, vidole vikielekea chini, mwenye fadhaa na akupokee kama hidaya: ni kazi aijuayo tangu utotoni, nayo yampa muda wa kushusha pumzi na kuikumbusha mikono yake kwamba imekwisha kupita njia hii.

Wala methali haikusema kuwa kilichoundwa hakiingii maji. Kila baharia ajua kuwa maji hukusanyika ngamani, na kwa hiyo chomboni huwekwa upo wa kuyafulia. Mtihani nao una upo wake: katika majimbo mengi mtahiniwa aliyetambua kosa kabla ya kuimaliza kazi aweza kulitaja na kuirudia hatua hiyo, isipokuwa ile ambayo muda wake umekwisha kupita. Anayeficha kosa kwa kutahayari huyaacha maji ngamani; anayelitaja ayafua, na safari yaendelea. Hata aliyeshindwa siku hiyo hakuzama, kwa kuwa sheria hailiruhusu jimbo kuweka kikomo kilicho chini ya majaribio 3, na chombo kilichovuja hurudishwa pwani kikatiwa kalafati upya.

Lakini muradi wa kuunda haukuwa kuelea. Watu hupiga vigelegele chombo kinaposhuliwa, ilhali kiliundwa kwa ajili ya kuchukua abiria, wengi wao wasiojua kuogelea. Juu ya kitanda cha mtihani amelala mtu, na aghalabu ni mtahiniwa mwenziwe, ambaye naye moyo wamdunda akingoja zamu yake. Mtahiniwa na aondoe macho kwenye karatasi ya mtahini, amtazame huyo usoni, amwulize kama amelala vema. Fadhaa yake ilikuwa ikijitazama yenyewe. Sasa imepata wa kumtunza, na mikono iliyoundwa kwa kazi hiyo itaijua kazi yake.