Ya Singida Tunayasikia Kutoka London

Tundu Lissu ni mtoto wa Mahambe, wilayani Ikungi, na tangu mwaka 2010 mpaka 2019 alikuwa mbunge wa Singida Mashariki. Hapa kwetu wapo wanaompenda na wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake. Nisemalo leo linawahusu wote, maana wote tuna simu.

Agosti 2017 Lissu aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna watu wanamfuatilia. Septemba 7 mwaka huohuo, alipotoka bungeni kurudi nyumbani kwake Area D, Dodoma, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji, akapona. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio lile.

Ikapita miaka saba. Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza likaandika habari za kesi ya kazi iliyokuwa mbele ya baraza la kesi za kazi huko London. Aliyefungua kesi alikuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki kampuni ya simu ya Tigo. Alidai kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ya kuibua jambo zito: kuanzia Agosti 22, 2017, Tigo ilikuwa ikiipa serikali taarifa za simu za Lissu, zikiwemo za mahali alipo, usiku na mchana, wiki mbili na ushei kabla hajapigwa risasi. Millicom ilikana kumwachisha kazi kwa sababu hiyo. Na haki inadai niseme wazi: hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kwamba taarifa hizo ndizo zilizowafikisha wenye bunduki pale Area D.

Lakini tazama jinsi habari hii ilivyotufikia. Haikutoka bungeni, wala polisi, wala kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano. Ilitoka kwa mtu wa mbali aliyegombana na mwajiri wake. Kama wangeelewana wakalipana wakaachana kimya, mpaka leo Ikungi nzima isingejua.

Wala si mara ya kwanza. Juni 2014 Vodafone ya Uingereza, yenye hisa katika Vodacom, ilitoa ripoti ya maombi ya taarifa za wateja iliyopokea kutoka serikali mbalimbali katika mwaka mmoja. Tanzania ilikuwa na maombi 98,785. Ukigawa, ni zaidi ya 270 kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo, kwa kampuni moja tu. Hata hilo tuliambiwa na London.

Sisemi serikali isitafute wahalifu. Wapo wazee Singida waliouza alizeti ya msimu mzima, kisha fedha zikaondoka kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndiyo maana watu walikubali kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, na kwetu hiyo ni miezi ya kulima na kupanda. Watu waliacha mashamba wakapanga foleni kutafuta namba ya utambulisho ya NIDA. Mashine iligoma kusoma vidole vya baadhi ya wazee, maana mpini wa jembe ulikuwa umeshavisugua. Wakafuta jasho, wakajaribu tena. Walitoa walichodaiwa, kwa imani. Anayepokea kitu kwa imani ana deni, na deni hilo nalidai hapa kwa niaba yao.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Ibara hiyohiyo inairuhusu mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kisheria wa kuiingilia haki hiyo pale inapobidi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea utaratibu wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakimu si lazima aulizwe kwanza. Maxence Melo wa mtandao wa majadiliano wa JamiiForums aliishia kizimbani Kisutu kwa kosa la kuzuia upelelezi baada ya kugoma kutoa taarifa za watumiaji wake, na mwaka 2020 akatiwa hatiani. Makampuni ya simu yenye leseni ya kulinda hayawezi kuwa na ubishi kama wake.

Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yake ipo. Ni hatua kubwa, naipongeza. Hata hivyo sheria hiyo inatoa msamaha kwa mambo ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, yaani palepale hofu yetu ilipo.

Kuangaliwa si kugeni kwetu. Tangu enzi za TANU, balozi wa nyumba kumi alitaka kujua mgeni aliyelala kwako ni nani na katoka wapi. Ilikera wakati mwingine. Lakini balozi unamjua kwa jina na shamba lake unalijua, na akizidisha unamsema kwenye mkutano wa kijiji mbele ya mtendaji. Aliyeomba kujua simu yako ililala wapi jana humjui, na hakuna mkutano atakaoitwa.

Afrika Kusini walilifikisha jambo hili mahakamani. Mwandishi wa habari Sam Sole aligundua baada ya miaka kwamba mazungumzo yake ya simu yalikuwa yamenaswa. Asasi yake, amaBhungane, ikafungua kesi, na Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria isiyomtaarifu mtu hata baada ya upelelezi kwisha inavunja katiba. Ikaelekeza ataarifiwe ndani ya siku 90, isipokuwa jaji akikubali sababu za kuchelewesha.

Wabunge wetu wa Singida, wa chama chochote, waanzie hapo. Kifungu cha 32 kirekebishwe, amri itoke kwa hakimu, na mtu aliyechunguzwa aambiwe upelelezi ukiisha. Tume ya ulinzi wa taarifa nayo itangaze kila mwaka kampuni ipi iliombwa taarifa mara ngapi na ilikataa mara ngapi. Na izitoe takwimu hizo kwa Kiswahili, mkoa kwa mkoa, ili idadi ya Singida isomwe Singida.