JUA LINA MADOA, LAKINI BABA HABADILIKI
Somo: Yakobo 1:17



Mwezi wa Mei 2024 dhoruba kubwa ya jua iliifikia dunia. Habari zake tulizisikia redioni, na hapa makazini maneno yakaongezeka: jua linapasuka, mwisho umefika, kulima kwa nini? Mama mmoja mjane wa ushirika wetu alipika maharage yake ya mbegu, akangoja. Mvua zilipokuja, shamba lake lilikuwa tupu. Tangu hapo kila msimu anakopa mbegu, na akivuna analipa maradufu. Sisi watumishi tulisikia uvumi ule tukanyamaza. Tunatubu mbele yenu.

Madoa ya jua si mambo mapya. Galileo aliyachora mwaka 1612, na waliosadiki kwamba jua halina waa walikwazika. Huko Ujerumani, muuza dawa Heinrich Schwabe alianza mwaka 1826 kuyahesabu kila siku jua lilipoonekana. Alikuwa anatafuta sayari mpya. Hakuipata, lakini baada ya miaka 17 aliona kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa zamu. Mwenyewe alijifananisha na Sauli, aliyetafuta punda za baba yake akakuta ufalme. Leo tunajua kwamba zamu hiyo ni ya miaka kama 11.

Mwaka 1908 George Hale wa Marekani alionyesha kwamba ndani ya madoa mna nguvu kubwa ya sumaku. Nguvu hiyo huzuia joto lisipande, ndiyo maana doa huonekana jeusi. Inapojisokota na kufyatuka, jua hutupa dhoruba. Dhoruba hiyo inaweza kuvuruga redio na umeme, lakini mbegu iliyo ardhini haiidhuru. Mwaka 2024 jua lilikuwa kileleni mwa zamu yake, kama lilivyokwisha kuwa mara nyingi. Na katika zamu nzima, mwanga wake hubadilika kwa kama sehemu 1 tu katika 1,000.

Basi, wapendwa, jua hubadilika, ila Yakobo anatufundisha kwamba Baba wa mianga hana kugeuka. Yeremia 10:2 yatuonya tusishangazwe na ishara za mbinguni. Katika Mwanzo 8:22 Mungu aliahidi kupanda na kuvuna hata mwisho wa dunia. Bwana atarudi, ndiyo. Lakini Mathayo 24:46 yamwita heri mtumwa atakayekutwa kazini, siyo aliyekula mbegu yake kwa hofu.

Jumapili ijayo kila nyumba ilete kikombe kimoja cha maharage ya mbegu kwa ajili ya mama yetu. Sisi wachungaji tutatangulia kutoa, kisha Jumatatu asubuhi tutakwenda na majembe shambani kwake. Na uvumi mwingine ukija, tuulizeni mapema. Hatutanyamaza tena.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.