Je, Kunakili Picha ya Mwingine ni Udanganyifu?

Mgeni mmoja alipenda picha tuliyoichora kwa rangi za mafuta, akataka kuinunua. Nyuma yake tulikuwa tumeandika kwamba ni nakala. Akatuomba tuyafute maneno hayo. Rangi ni ghali, nasi tulihitaji fedha. Basi yafaa tuulize: mwenye kunakili kazi ya mwingine, je, ni mwongo tangu mwanzo?

Picha yenyewe ni ya Pieter Bruegel, aliyeichora mwaka 1565 juu ya ubao. Imo katika makumbusho ya Brussels. Ni kijiji chenye theluji, na watu wanateleza kwa furaha juu ya mto ulioganda. Upande wa kulia mlango mzee umeinuliwa kwa kijiti, na kamba yaelekea dirishani. Ndege wanadonoa karibu nao. Ni mtego.

Tulianza na rangi nyeupe, maana nani asiyejua kwamba theluji ni nyeupe? Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, kileleni mwa Kilimanjaro. Tukaharibu kazi yote. Tulipotazama tena, tuliona kwamba theluji ya Bruegel ina kijivu, ina manjano iliyofifia, na mahali pengine yakaribia rangi ya mchanga. Kumbe hatukuwa tumeitazama picha hata kidogo; tulichora yale tuliyodhani tunayajua. Tukakwangua rangi kwa kisu na kuanza upya, wala si mara moja. Anayenakili kwa bidii hulazimika kukubali kwamba macho yake hayakuona. Mwizi hana haja ya kukubali neno kama hilo.

Lakini hoja haijaisha. Bruegel alifariki mwaka 1569, akaacha mwana mdogo wa miaka kama mitano, naye jina lake Pieter. Mtoto huyo hakupata kufundishwa na baba yake. Alipokuwa mtu mzima, yeye na wasaidizi wake walinakili picha hiyo ya mtego mara nyingi mno. Nakala zinazojulikana leo ni zaidi ya 100. Ndiyo iliyokuwa riziki yake. Je, alidanganya watu? Baba, katika miaka yake ya mwisho, aliandika jina lake Bruegel. Mwana aliandika Brueghel. Herufi moja tu! Tumebishana juu ya herufi hiyo jioni nzima. Wengine wetu husema ilitosha, kwani jina lilikuwa lake kwa haki. Wengine husema mnunuzi asiye makini asingeiona kamwe.

Kwa maoni yetu, uongo haumo katika brashi, umo katika kuficha. Makumbusho ya Louvre huko Paris huruhusu watu kuketi na kunakili, ila nakala isilingane na picha yenyewe kwa ukubwa, wala sahihi ya mchoraji isinakiliwe. Mwanafunzi hapotezi kitu kwa sheria hiyo.

Mgeni yule tulimwambia hapana. Alishangaa, maana kwake yalikuwa maneno machache tu ya nyuma, yasiyoonekana ukutani. Akaenda zake. Picha tungali nayo, na rangi nyeupe imetuishia.