Shamba Lililofyekwa

Soma kwa somo hili: Mwanzo 2:15; Mithali 24:30–34; Mathayo 12:43–45; Wagalatia 5:22, 23; 6:1, 2.

Mtu anayerudi nyumbani Lushoto na kukuta shamba la wazazi limekuwa pori anaijua kazi inayomngoja. Magugu yamefika kifuani, kishona nguo kinaganda kwenye suruali, mpaka hauonekani. Anashika fyekeo na panga asubuhi. Jioni viganja vina malengelenge, lakini akigeuka nyuma anauona udongo, na mti wa plamu alioupanda baba yake bado u hai. Furaha hiyo ni njema. Mungu alimpa Adamu bustani ya kulima na kutunza kabla dhambi haijaingia, na mwenye hekima alilitazama shamba la mvivu lililojaa miiba akapata fundisho.

Hata hivyo, kuna swali la kujiuliza kabla ya kwenda kulala: Je, shamba hili ni salama leo kuliko lilivyokuwa jana?

Mkulima wa Usambara hawezi kujibu haraka. Miteremko ya huko ni mikali. Masika yakikuta ardhi tupu, udongo mzuri hushuka bondeni, na kinachobaki hakioti kitu. Magugu yalikuwa adui wa mazao. Lakini mizizi yake ilikuwa imeushika udongo.

Historia ya milima hiyo inatufundisha zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Waliokataa waliadhibiwa. Watu waliona kazi nzito isiyowaongezea chakula, upinzani ukakua, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Mradi huo ulihimiza kupanda miti na majani ya gwatemala kwa mistari inayokinga mteremko. Majani hayo hushika udongo, na pia hulisha ng'ombe zizini. Kinga ya udongo ikawa pia chakula cha mifugo.

Bwana Yesu alisimulia juu ya nyumba iliyotokwa na pepo mchafu. Ilifagiwa ikapambwa, ila ilibaki tupu. Pepo aliporudi hakuja peke yake, na hali ya mwisho ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Kosa la nyumba ile halikuwa kufagiwa. Kosa lilikuwa kukosa mkaaji.

Mfikirie ndugu aliyeacha pombe baada ya mahubiri. Kanisa linasema amina, anabatizwa, jina linaandikwa. Kilabuni aliacha ulevi, lakini aliacha pia marafiki, mazungumzo ya jioni, na watu waliomsaidia alipofiwa. Jumatatu jioni anakaa peke yake. Hakuna aliyebisha hodi. Baada ya miezi michache anaonekana tena kilabuni, nasi tunasema hakuwa ameongoka kweli. Huenda alifyeka kwa moyo wote, ila mvua ilimkuta mtupu.

Je, basi tuyaache magugu mpaka tupate cha kupanda? Hasha. Anayeacha pori hana mavuno. Dhambi iachwe leo. Lakini anayefyeka leo asikawie kupanda, na jirani asingoje kuombwa mbegu. Tunda la Roho hukua kwa neema ya Mungu. Nasi tumeagizwa kuchukuliana mizigo. Kumwambia mtu aache ni rahisi, maana hakuhitaji muda wetu. Kumkaribisha mezani kila juma, kumtembelea, kumpa kazi ya kufanya kanisani, hapo ndipo gharama ilipo.

Furaha ya kufyeka huja siku ile ile. Furaha ya mavuno hungoja msimu, na mara nyingi huwa ni ya watu wengi pamoja.

Maswali ya kujadili:

1. Ni jambo gani umeliacha kwa ajili ya Kristo, na ni nini kimechukua nafasi yake?

2. Kwa nini watu hukataa jambo jema wakilazimishwa? Hilo linatufundisha nini kuhusu nidhamu ya kanisa?

3. Mtajeni moyoni mtu aliyebatizwa karibuni katika kanisa lenu. Jumatatu jioni yuko wapi, na nani yuko pamoja naye?