Je, Tumchoke Anayeugua Tena?



Swali tunalotaka kulitafakari safari hii ni dogo kwa kulitazama, lakini tukilifuata hatua kwa hatua litatufikisha mbali. Swali lenyewe ni hili: Tuna wajibu gani kwa kiumbe ambaye tukimwuguza leo anapata nafuu, na baada ya muda anaugua ugonjwa ule ule? Wajibu huo huisha lini? Tutaanza na mtoto wa paka, kwa sababu juu ya paka watu husema wazi yale ambayo juu ya binadamu huyaficha moyoni.

Katika mkoa wetu wa Songwe paka si pambo la nyumba. Sisi ni watu wa mahindi, na gunia likiwekwa ndani pasipo paka, panya huanza kula kabla ya mwenye gunia. Ndiyo maana nyumba nyingi hutafuta mtoto wa paka mara baada ya mavuno. Lakini mara nyingi huyo mtoto akifika tu hupatwa na mafua. Hupiga chafya, hutoa kamasi, macho hujaa tongotongo mpaka kope zikashikana, naye hukataa chakula. Baada ya siku kadha hupata nafuu, na watoto wa nyumbani hufurahi. Kisha Juni huja na baridi yake, na mafua hurudi. Hapo maneno huanza: “Huyu ana mkosi.” “Mchukueni mkamtupe sokoni.” “Watu hawana dawa, ninyi mnamwuguza paka!”

Kabla ya kuhukumu, yafaa tulijue jambo lenyewe. Mafua ya paka huletwa zaidi na virusi vya aina mbili: kimoja ni cha jamii ya hepesi, na kingine huitwa kalisi. Pengine bakteria nao huingia juu yake. Kile cha hepesi kina tabia yake. Kikishamwingia paka, kwa kawaida hakitoki tena maisha yake yote. Hujificha katika mishipa ya fahamu, na paka huonekana mzima kabisa. Akipatwa na taabu, kama kuhamishwa nyumba, kusongamana na paka wengine, kutishwa au kuugua ugonjwa mwingine, kirusi huamka. Paka jike anayenyonyesha huweza kuwaambukiza watoto wake bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili, na wao huugua ile kinga waliyoipata kwa mama inapopungua. Basi hakuna mkosi hapo. Ni ugonjwa wenye njia zake, kama magonjwa mengine.

Malezi yake nayo ni mepesi. Macho na pua vipanguswe kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Alazwe mahali pakavu pasipopitisha upepo, mbali na paka wengine. Apewe chakula chenye harufu, kama dagaa walioloanishwa kwa mchuzi wa moto kidogo usio na chumvi nyingi, kwa maana paka aliyezibwa pua hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Akishinda siku nzima bila kula, akihema kwa kinywa, au jicho likifanya ukungu, aonyeshwe daktari wa mifugo. Dawa za kuua bakteria haziviui virusi. Daktari ndiye aamue kama zinahitajika. Tena mtu yeyote asimpe paka paracetamoli. Kidonge kinachotutuliza sisi huweza kumwua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuishughulikia dawa hiyo kama letu. Chanjo ya mafua haya ipo. Haizuii kabisa maambukizo, lakini hupunguza ukali wake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanaopinga wana hoja, nasi hatuna budi kuzipima kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba binadamu ni wa kwanza. Hilo ni kweli. Bwana wetu mwenyewe alisema kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Kama fedha iliyopo ni moja, na mtoto wako anaungua homa, fedha hiyo ni ya mtoto. Hapo hapana mjadala. Lakini tuulize kwa unyofu: je, ni mara ngapi mambo huwa hivyo? Kitambaa, maji ya uvuguvugu na dagaa watatu havikutoka katika dawa ya mtu yeyote. Mara nyingi anayesema “watu kwanza” hataki kumpa paka, wala hana mgonjwa aliyekusudia kumpelekea kile alichomnyima paka. Huruma haiwi kama gunia, kwamba ukichota huku panapungua kule. Mwaka 1824 huko London, kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, Arthur Broome, aliwakusanya watu wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwao alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyetumia maisha yake kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Hakuona kwamba kumhurumia punda kungempunguzia huruma kwa mtumwa. Chama kiliingia madeni, na Broome akafungwa kwa ajili ya madeni hayo.

Hoja ya pili ni ya faida. Husemwa kwamba paka aliletwa kukamata panya, na paka mgonjwa hakamati, kwa hiyo hana kazi hapa. Hoja hii tuiangalie sana, maana haina mlango wa kuifungia. Ikikubaliwa kwa paka, kesho itabisha kwa bibi asiyeweza tena kushika jembe, na kwa kijana aliyezaliwa na ulemavu. Sisi wastaafu tunaisikia kwa masikio mawili. Tunajua kwamba paka si bibi. Lakini moyo unaopima ni ule ule mmoja, na mizani uliyoizoesha kwa mnyonge mdogo ndiyo utakayoishika mbele ya mnyonge mkubwa.

Katika vitabu 66 vya Biblia paka hatajwi. Hutajwa katika Waraka wa Yeremia, ulio pamoja na Baruku, nao ni katika vile vitabu ambavyo Ibara ya 6 ya zile Ibara 39 yasema husomwa kwa mfano wa maisha, si kwa kuthibitisha mafundisho. Basi hatuna amri juu ya paka, tuna shomoro. Linganisheni Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Kwa Mathayo shomoro wawili huuzwa kwa sarafu moja. Kwa Luka, sarafu mbili hununua watano. Watu wa soko la Tunduma mtaelewa upesi: yule wa tano ni nyongeza. Hakuhesabiwa bei yoyote. Na Bwana asema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Mtoto wa paka mwenye mafua ni nyongeza kama huyo.

Hoja ya tatu haisemwi, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nayo ni uchovu. Mara ya kwanza kila mtu alikuwa na huruma. Mara ya tatu hata watoto wanaona karaha. Katika miaka yetu ya ualimu tuliliona jambo hili darasani. Mtoto mwenye pumu alipozidiwa mara ya kwanza, wenzake walimbebea daftari na kumsindikiza nyumbani. Baridi ya pili walisema, “Ameanza tena,” kana kwamba kuugua kwake ni tabia mbaya. Ndivyo tunavyowatenda wenye kifafa, wenye selimundu, waliorukwa na akili wakapata nafuu na kuugua tena, na yule ndugu aliyeacha pombe kisha akaanguka. Tunamhurumia anayepona, kwa kuwa kupona kwake kunatulipa. Asiyepona anatunyima malipo, nasi tunamkasirikia.

Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, alipewa neema ya kutosha kuishi nao. Hapo tunajifunza kwamba kuponya ni jambo moja, na kumsaidia mtu avumilie ni jambo jingine, nalo halikushindwa kwa sababu ugonjwa umerudi. Tena lile tulilolijua juu ya kirusi cha paka latuonya. Kinachokiamsha ni taabu. Basi anayemtupa nje usiku kwa sababu anaugua tena, anauita ugonjwa kwa mkono wake.

Je, wajibu huu hauna mwisho? Unao. Mateso yakizidi, na daktari wa mifugo akasema hakuna nafuu tena, kumpumzisha mnyama pasipo maumivu ni tendo la huruma. Lakini kumtia ndani ya mfuko na kumwacha kwenye foleni ya malori pale mpakani si huruma. Ni kuyaondoa mateso machoni petu tu. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini Mkristo asingoje sheria. Afadhali pia tuzuie mapema: paka wasisongamane katika chumba kimoja, na penye daktari wafungwe uzazi, tusije tukazalisha wale ambao hatutawalea.

Juni inakaribia, na chafya zitasikika tena nyuma ya magunia. Kabla hamjasema “Ameanza tena,” chemsheni maji. Kisha mkumbukeni jirani mliyeacha kumtembelea kwa sababu hali yake ni ile ile, nanyi mkamjulie hali wiki hii.